Gari la kambi lililolala Dodoma: paa halivuji, maji yametoka wapi?

Mwisho wa Aprili tulifungua mlango wa nyuma wa gari la kambi, pale nyumbani Nzuguni. Lilikuwa limefungwa tangu wiki ya kwanza ya Desemba, vioo vimepandishwa hadi juu, turubai la plastiki limetandazwa juu yake na kukazwa kamba kama gunia la mkaa. Harufu ilitutangulia kutoka. Godoro kwa juu lilionekana zima, lakini tulipoligeuza upande wa chini ulikuwa umejaa madoa meusi, na ubao uliolibeba ulibonyea kwa kidole gumba. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenye gari, alipapasa dari yote kwa kiganja, akamulika kona zote kwa tochi, kisha akaniuliza: "Paa halivuji. Sasa haya maji yametoka wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Kiangazi chote nimekuwa nikilitafuta, nikiwauliza mafundi bodi, nikipima unyevu ndani ya gari asubuhi na jioni, nikifungua mbao moja baada ya nyingine. Nilichokipata kimenibadilisha kabisa namna ninavyolilaza gari, na naona kinawahusu wengi hapa Dodoma ambao siku hizi wana magari ya aina hii: Land Cruiser au Hiace iliyowekewa kitanda, kabati, jiko la gesi na tangi la maji, pengine na hema juu ya keria. Ni magari ya kwenda Kondoa kutazama michoro ya miambani ya Kolo, au kushuka kwa barabara ya Mtera kuelekea Iringa na Ruaha. Safari hizo hufanyika kiangazi, njia zikiwa kavu. Mvua ikianza gari hupumzishwa, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu miezi ya mapumziko ya gari ndiyo miezi pekee yenye maji angani.

Wengi wetu tunajiamini kwa kuwa Dodoma ni kukavu, na hilo si uongo. Mji huu hupata milimita kati ya 500 na 600 za mvua kwa mwaka, karibu nusu ya zile za Dar es Salaam. Aliyehamia huku kutoka Pwani akakumbuka viatu vilivyokuwa vikiota ukungu kabatini anaona ameagana na unyevu kabisa. Lakini mvua hizo karibu zote hunyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, na gari halijui wastani wa mwaka. Linajua Januari, na linajua Machi.

Hewa inavyobeba maji

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Dakika chache baadaye imelowa nje. Chupa haikuvuja. Maji yale yalikuwa hewani tangu mwanzo, yakiwa mvuke usioonekana, na yalipogusa kioo baridi yakageuka matone. Gari lililoegeshwa nje usiku ni chupa ile ile, tofauti ni kwamba baridi iko kwenye bati na mvuke umefungiwa ndani.

Hewa ya joto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, na tofauti ni kubwa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 inaweza kubeba takribani gramu 30 za maji. Ikiwa na nyuzijoto 20 inabeba gramu 17 tu, na ikishuka hadi 15 haifikishi 13. Tunaposema unyevu wa hewa ni asilimia 65, maana yake hewa hiyo imebeba asilimia 65 ya kile inachoweza kubeba kwa joto lililopo wakati huo. Joto likishuka, maji ni yale yale lakini uwezo umepungua, kwa hiyo asilimia inapanda yenyewe bila tone kuongezeka. Ikifika 100, ziada hutafuta mahali pa kutua, na hutua penye baridi zaidi.

Chukua jioni ya Februari, mvua imekatika mchana. Ndani ya gari kuna nyuzijoto 28 na unyevu wa asilimia 65. Kila mita ya ujazo imebeba karibu gramu 18 za maji. Usiku mawingu yanatawanyika, nyota zinaonekana, na paa la bati linapoteza joto lake kuelekea angani kwa kasi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mawingu yakiondoka usiku haukawii kupoa. Paa likifika nyuzijoto 17, hewa inayoligusa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 14 na nusu. Gramu tatu na ushee za kila mita ya ujazo lazima zigeuke maji. Gari lenye nafasi ya mita 8 za ujazo linapata hapo gramu 25 hivi, yaani kijiko kimoja na nusu cha mezani.

Kijiko kimoja na nusu hakiozeshi ubao. Hesabu hii ilinichanganya kwa wiki kadhaa, kwa sababu tulichokiona chini ya godoro kilihitaji lita, si vijiko. Nilikuwa natazama hewa peke yake na kusahau kwamba ghala kubwa la maji ndani ya gari ni mbao, godoro, kapeti na mapazia.

Mbao hupumua. Mahali pakavu pa unyevu wa asilimia 35 au hivi, ubao hukaa na maji ya karibu asilimia 7 ya uzito wake. Mahali penye unyevu wa asilimia 80 au zaidi hufika asilimia 16 au 17, bila kuloweshwa na tone lolote la mvua. Kitanda na makabati ya gari letu yana plaiwudi ya kilo 20 hivi. Kutoka 7 hadi 16, kilo hizo zinameza karibu lita mbili za maji kutoka hewani, polepole, wiki baada ya wiki. Ongeza godoro. Ongeza kapeti iliyokanyagwa kwa viatu vyenye tope katika safari ya mwisho. Hapo ndipo zilipokuwa lita zetu.

Sufuria yenye kifuniko

Sasa weka hayo yote kwenye gari lililofungwa. Mchana jua linapiga, ndani panafika nyuzijoto 50 na zaidi. Joto linayafukuza maji kutoka kwenye mbao na godoro yaende hewani. Yangepata njia ya kutoka yangetoka, na saa zile gari lingekuwa linakauka. Lakini vioo vimefungwa na turubai liko juu. Jioni inapoingia, bati linapoa kabla ya kitu kingine chochote, na mvuke ule wa mchana unarudi kuwa maji kwenye dari, kwenye skrubu, nyuma ya makabati, na zaidi kwenye sakafu ya bati iliyo chini ya kitanda. Kesho yake mchezo unarudiwa. Ni ugali uliofunikwa kwa sufuria: ukiinua kifuniko kila mara kinachuruzika, na hakuna aliyeongeza maji.

Kwa nini chini ya godoro hasa? Kwa sababu hapo hewa haitembei. Katikati ya gari, hata kama kuna mvuke, hewa huzunguka kidogo. Kati ya godoro na ubao hakuna mzunguko wowote, na ubao umekaa karibu na bati baridi. Unyevu wa wastani wa gari unaweza kuwa asilimia 70 huku pale chini ukiwa 90. Mbegu za kuvu ziko kila mahali, hata katika hewa unayovuta sasa hivi, na zinasubiri tu uso wenye unyevu unaokaa juu ya asilimia 75 au 80 kwa siku kadhaa, pamoja na chakula. Chakula ni mbao, pamba, ngozi, hata vumbi. Ubao wenyewe ukivuka asilimia 20 za maji na kubaki hapo, kuvu wanaoozesha mbao nao huanza kukaribishwa, na hao hawaachi madoa tu, wanakula nguvu ya ubao mpaka unabonyea.

Haya yalinipa namna mpya ya kuisoma ile haigromita ndogo, yaani kipima unyevu, ninayoitundika garini. Ukiisoma saa nane mchana kwenye gari lenye joto utaona asilimia 40 na kuridhika, ilhali gari limelowa. Isome alfajiri, kabla jua halijagusa paa. Na iweke chini ya kitanda. Ikikaa chini ya asilimia 60 saa zile, lala usingizi.

Kufunga au kufungua?

Kwenye swali hili ushauri wa watu hupishana vibaya. Mmoja atakuambia ziba kila kitu uweke dawa ya kunyonya maji. Mwingine atakuambia acha vioo wazi. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi. Ila huwezi kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja, na watu wengi ndivyo wanavyofanya: wanaacha kioo wazi kidole kimoja, kisha wanaweka vikopo vya chumvi ya kunyonya maji ndani. Chumvi ile inabaki kunyonya unyevu wa Dodoma nzima.

Dawa ya kunyonya maji inafaa kwenye nafasi iliyozibwa vizuri. Chembe za silika hunyonya hadi karibu theluthi moja ya uzito wake. Kilo moja, kwa hiyo, inachukua kama theluthi ya lita, kisha inabidi uzikaushe kwa joto ndipo ziendelee. Vile vipakiti vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, hata ukikusanya vya mwaka mzima, havina ubavu mbele ya lita mbili zilizomo kwenye plaiwudi. Chumvi ya kalsiamu kloridi hunyonya zaidi, lakini hugeuka maji ya chumvi, na yakimwagika juu ya bati utakuwa umeondoa ukungu na kuleta kutu. Mchele na mkaa nimevijaribu kwa sababu watu wengi huvisifia. Sikuona haigromita ikisogea. Mchele nitaupika.

Kupitisha hewa nako kuna masharti. Hewa ya nje itakausha gari pale tu inapokuwa imebeba maji machache kuliko ya ndani, na hapa zinazohesabiwa ni gramu, asilimia zitakudanganya. Alasiri ya Oktoba, nyuzijoto 31 na unyevu wa asilimia 35, hewa ya nje ina gramu 11 tu kwa mita ya ujazo. Hiyo ni hewa ya dhahabu. Ikipita ndani ya gari inabeba maji na kuondoka nayo bila kukudai hata senti. Machi, saa kumi na mbili asubuhi baada ya mvua ya usiku, nje kuna ukungu na umande. Ukifungua milango wakati huo unaalika mvuke ndani. Siku hiyo hiyo saa sita mchana, jua likiwa kali na mbao zimeshapata joto, kufungua kuna faida kubwa, maana ndani kumejaa mvuke unaotafuta njia.

Kwa aliye nyumbani, utaratibu ni mwepesi: siku ya jua katika masika, fungua milango yote kuanzia saa nne au tano asubuhi, inua godoro lisimame kwa ubavu, acha hadi saa tisa, funga kabla jua halijalegea. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Sisi hatukufanya hata mara moja kwa miezi mitano.

Kwa anayesafiri au anayemwachia mlinzi gari, bora tundu mbili za kudumu, moja chini na nyingine juu, upande wa pili. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, ya chini ikiingia kuziba pengo. Tundu moja peke yake haifanyi kazi hiyo. Ziwekewe wavu wa mbu na kofia ya kuzuia mvua. Feni ndogo ya volti 12 inayoendeshwa na paneli ya sola inapendeza zaidi, kwa sababu ya jambo moja zuri: inazunguka jua likiwaka na inasimama jua likizama, yaani inafanya kazi saa zile zile zinazofaa bila mtu kuiwasha wala kuizima.

Kiangazi ndicho kinachoifungulia mvua mlango

Si kila gari lina bahati ya paa lisilovuja, na hapa Dodoma uvujaji una historia yake. Miezi saba ya jua hukausha mipira ya milango na madirisha mpaka inakuwa migumu na kupasuka vipasuko vyembamba kama unywele. Gundi zinazozunguka boliti za keria, kingo za paneli ya sola na fremu ya tundu la paani hukakamaa na kuachia. Halafu vumbi letu jekundu, laini kama unga, linajaza kila mfereji. Hakuna anayejua kwa kuwa hakuna mvua ya kumwambia. Desemba inapofika, mvua ya kwanza hapa mara nyingi huja na upepo na kwa nguvu, na inayaona matundu yote kwa dakika kumi.

Wenye nyumba za tembe Ugogoni hawakusubiri mvua iwaonyeshe ufa. Paa la udongo lililo tambarare hukaguliwa na kusilibwa likiwa kavu, kabla mawingu hayajajikusanya. Gari nalo kazi yake ni ya Oktoba.

Anza na matundu ya kutolea maji, ambayo watu wengi hawajui kama yapo. Chini ya kila mlango, kwenye ukingo wa ndani, kuna vitundu viwili au vitatu. Maji hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha. Ndivyo milango ilivyotengenezwa, na vitundu hivyo ndiyo njia yake ya kutoka. Vumbi likichanganyika na maji ya kwanza linakuwa tope, tope linakauka linakuwa tofali, na tangu hapo mlango wako ni ndoo. Kutu itakayotokeza nje miaka miwili baadaye itaonekana kama kosa la rangi. Chukua waya laini, zibua, kisha mimina kikombe cha maji pale kioo kinapozama na uhakikishe kinatoka chote. Fanya hivyo pia kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, ambako majani ya mwarobaini hupenda kukusanyika. Bomba dogo la maji ya kiyoyozi lisisahaulike: likiziba, kapeti ya miguuni kwa abiria hulowa, na utamtafuta mchawi paani bure.

Mipira ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, ipakwe grisi ya silikoni. Tafadhali usiisugue kwa dizeli. Inang'aa siku mbili, kisha mafuta yanaufanya mpira uvimbe na kulegea.

Kupima uvujaji hakuhitaji mpira wa maji unaomwaga saa nzima, na kwa mgao wa maji wa mitaa yetu haingekuwa haki. Ndoo mbili na chombo cha kumwagilia bustani vinatosha. Mtu mmoja awe ndani na tochi, mwingine nje. Anza chini, panda juu kidogo kidogo, ukisubiri dakika kadhaa kila hatua. Ukianza juu, maji yatateremka na kupita kila mahali, hutajua yameingilia wapi. Na kumbuka kwamba tone unaloliona ndani linaweza kuwa limesafiri. Maji hufuata mbavu za paa na nyaya. Fundi mmoja wa Kizota alinionyesha gari lililokuwa likidondosha maji juu ya sinki, na tundu lenyewe lilikuwa kwenye boliti ya keria, karibu mita nzima nyuma yake.

Kuhusu gundi ya kuzibia, fundi huyo huyo aliniomba kitu kimoja ambacho nakipitisha kwa msisitizo: usipake silikoni mpya juu ya ya zamani. Haishiki. Kwangua yote, safisha kwa spiriti, acha pakauke, ndipo upake. Penye boliti zinazotikisika barabarani, gundi ya poliyurethani au utepe wa butili huvumilia mitikisiko vizuri kuliko silikoni ya bafuni.

Maji tuliyoyaacha wenyewe

Tangi, pampu, mabomba na hita vimwagwe kabisa, bomba za sinki ziachwe wazi. Friji iyeyushwe, ifutwe, mlango wake uzuiwe usifunge. Taulo, blanketi, mazulia na mito vitolewe viende ndani ya nyumba. Kila kitambaa kinachobaki ni sponji. Kapeti ioshwe mapema vya kutosha ili ikauke juani kabla ya kurudi.

Jiko la gesi lina siri yake. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, katika umbo la mvuke. Mtu mmoja akilala usiku mzima anaweza kutoa robo lita kwa pumzi na jasho. Kwa hiyo gari lililorudi safarini Jumapili jioni, watu wanne wamelala humo siku tatu na wamepika chai kila asubuhi, limelowa hata kama hakuna anayeliona limelowa. Kulifunga Jumatatu ni kosa letu la Desemba iliyopita. Safari ya mwisho ilikuwa ya Mtera, tulinyeshewa siku ya kurudi, tulichoka, tukafunika turubai.

Turubai lenyewe linahitaji neno. Plastiki inazuia mvua kushuka na inazuia mvuke kupanda. Ardhi iliyo chini ya gari ikilowa, mvuke wake unanaswa chini ya turubai na kuzungushwa hapo hapo, huku upepo ukilisugua turubai lenye vumbi juu ya rangi kama msasa. Banda la bati lililo wazi pande zote ni bora mara kumi. Kama huna banda, tafuta kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa, au liache gari bila kifuniko kabisa, mradi limezibwa vizuri. Mvua juu ya bati zima haina madhara makubwa.

Ardhi nayo ichaguliwe. Udongo mweusi wa mbuga unakaa na maji wiki nzima baada ya mvua moja, na yote yanapanda kama mvuke kwenye chesisi. Kokoto au zege ni salama zaidi. Inua pua ya gari kidogo ili maji yasisimame paani. Ukilipandisha juu kuokoa matairi, tumia stendi za chuma badala ya vigogo vya mbao, kwa sababu mchwa wa Dodoma hawachagui: nimeona njia yao ya udongo ikipanda kigogo hadi chini ya sakafu, na ubao wenye unyevu ndio wanaoutafuta.

Kuliwasha dakika tano

Mlinzi wetu, kijana mwaminifu sana, alikuwa akiwasha injini kila Jumamosi kwa dakika tano "ili lisisahau kazi". Tulimwagiza wenyewe. Dakika tano ni mbaya kuliko kutoliwasha kabisa. Dizeli ikiungua inatoa maji, na injini isiyopata moto vya kutosha inayaacha kwenye oili na kwenye bomba la moshi, ambalo huanza kuliwa na kutu kutokea ndani. Ama gari liendeshwe nusu saa barabarani mpaka lipate joto kamili, mara moja kwa mwezi, ama liachwe. Tangi la dizeli lijazwe kabla ya kulilaza, kwa sababu nafasi tupu ndani ya tangi nayo ina hewa, na hewa hiyo inapoa kila usiku kama ile ya paani. Breki ya mkono isivutwe miezi mitano, itashikana kwa kutu. Weka gia na uzuie matairi kwa mawe.

Ukungu ukishaingia

Kausha kwanza, safisha baadaye. Toa kila kinachotoka, kianike juani, vaa barakoa, fanyia nje. Mwenye pumu asishiriki kazi hii. Nyuso ngumu zifutwe kwa maji ya sabuni kisha siki. Jiki inafuta rangi ya ukungu kwenye ubao lakini haipenyi ndani ambako mizizi iko, na inaharibu kitambaa cha hema. Kamwe usichanganye jiki na siki. Hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari hiyo ni hatari ya maisha. Godoro la sponji lililoota madoa hadi ndani halisafishiki. Letu tulilitupa, kwa uchungu.

Hema la juu lina sharti moja gumu: lisikunjwe likiwa bichi zaidi ya siku moja au mbili. Kama mvua imekulazimisha kulikunja, lifungue ukifika nyumbani, hata kama ni usiku na umechoka.

Plaiwudi iliyooza tuliitoa Juni. Chini yake bati lilikuwa na madoa ya kutu saizi ya sarafu, tukayasugua, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaacha yakauke wiki nzima kwenye upepo wa kipupwe. Kitanda kipya ni vibao vya mninga, mbao isiyovimba na kunywea ovyo, na kati ya kibao na kibao pana nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite chini ya godoro. Baba mdogo aliongeza wazo lake mwenyewe: fremu yote imeshikwa kwa skrubu sita tu, na bisibisi yake imefungwa kwa kamba mlangoni, ili kila Oktoba na kila Aprili mtu aweze kuinua kitanda na kulitazama bati kwa macho.